Magari ya misuli juu ya meza

Ndugu msikilizaji, wiki iliyopita nilikuahidi kwamba leo tutaweka kando siasa na bei ya sukari, tupumzishe vichwa kidogo. Natimiza ahadi. Nataka kuzungumza nawe juu ya watu wazima, wengine wana wajukuu, wanaokesha wakiunganisha vigari vya plastiki. Najua utacheka. Mimi nami nilicheka, tena kwa sauti, mpaka dada yangu akanikanyaga mguu.

Ilikuwa Novemba 2022. Nilikuwa nimekwenda Michigan, Marekani, kumtembelea huyo dada, ambaye ni muuguzi huko. Jirani yake ni mzee mmoja Mmarekani mweusi, mstaafu wa kiwanda cha magari. Baba yake alihama Alabama kwenda kutafuta kazi viwandani kaskazini, kama walivyofanya maelfu ya watu weusi wa enzi hizo. Dada amemzoesha kuitwa Mzee, kwa Kiswahili chetu hiki hiki, na tangu alipoelezwa maana yake hataki jina jingine. Mimi mwenye mvi zangu aliniita kijana.

Mzee alitushusha kwenye chumba kilichoko chini ya nyumba. Huko nikaona kabati la vioo lenye magari sitini na kitu, kila moja na urefu wa rula ya mtoto wa shule. Hapo ndipo nilipocheka. Alipoufungua mmoja wa milango ya kabati na kuniwekea gari moja kiganjani, kicheko kikakatika. Chini ya bonneti kulikuwa na injini, na kwenye injini kulikuwa na waya za plagi, nane, kila moja imekwenda kwenye silinda yake.

Kwanza nikueleze magari yenyewe, maana hayo si magari yoyote tu. Wamarekani huyaita magari ya misuli. Siri yake ni nyepesi: chukua gari la ukubwa wa wastani, la bei ya kijana mwenye mshahara wa kiwandani, ulitie injini kubwa iliyokusudiwa gari la tajiri. Wengi huanza kuhesabu kwenye Pontiac GTO ya mwaka 1964. Kampuni mama, General Motors, ilikuwa na sheria kwamba gari la wastani lisipewe injini inayozidi inchi za ujazo 330. John DeLorean, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Pontiac, pamoja na wenzake wakaipita sheria hiyo kwa mlango wa nyuma. Hawakuiita GTO gari jipya, waliiandika kama nyongeza anayoweza kuiagiza mnunuzi, na nyongeza hiyo ilikuwa injini ya inchi 389, yaani lita 6.4. Mwaka ule wa kwanza yaliuzwa magari 32,450. Wakubwa walipoona fedha, sheria ikasahaulika.

Basi kila kampuni ikaingia uwanjani. Chevrolet ikaleta Chevelle SS, Dodge ikaleta Charger, Ford ikaitia Mustang yake injini kubwa zaidi na zaidi. Mwaka 1968 Plymouth ikaona kwamba magari haya yameanza kuwa ghali, kijana hayafikii tena, ikatoa Road Runner kwa dola 2,896. Ndani hamkuwa na anasa: kiti cha mbele kimoja kirefu kama benchi, na sakafuni mpira badala ya zulia. Lakini injini ilikuwa ya lita 6.3 na nguvu za farasi 335, na honi ililia kama yule ndege wa katuni anayefukuzwa jangwani. Plymouth waliilipa kampuni ya filamu ya Warner Bros. dola 50,000 kwa ajili ya jina na picha ya ndege huyo. Hata rangi za siku zile zilikuwa na utani. Mwaka 1970 Dodge ilikuwa na rangi ya chungwa iliyoitwa Go Mango, na sisi wa pwani, tunaojua embe, tungekuwa na la kusema kuhusu rangi hiyo.

Karamu haikudumu. Bima ya kijana mwenye gari la namna hiyo ilipanda mno, sheria ya hewa safi ya 1970 ikaanza kubana moshi wa magari, na Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikafunga bomba la mafuta. Gari linalokunywa petroli kama ng'ombe anayekunywa maji likawa mzigo. Yakauzwa kwa bei ya kutupa, yakagongwa, yakaozea mashambani. Na leo? Mwaka 2014 Plymouth Hemi 'Cuda moja ya 1971, isiyo na paa, moja kati ya 11 zilizotengenezwa, ilinadiwa kwa dola milioni 3.5. Mfanyakazi aliyelifunga boliti gari hilo hawezi kulinunua hata akiuza mtaa mzima. Ndiyo maana analijenga kwa plastiki.

Vigari hivi vilianza kama tangazo la biashara. Kampuni ya AMT, iliyoundwa mwaka 1948 huko huko Michigan, ilitengeneza vigari vya mfano kwa ajili ya wauzaji wa magari ya Ford. Mteja akija dukani, anaonyeshwa kigari, anachagua rangi, na mtoto wake anaondoka nacho ili baba asisahau kurudi. Plastiki ya mwanzo ilikuwa mbaya, ilijikunja kwa miaka hadi gari likapinda kama ndizi. Baadaye ikapatikana plastiki iliyo imara zaidi, na mwaka 1958 AMT ikaanza kuuza vigari hivyo vikiwa vipande vipande ndani ya boksi, mnunuzi aunganishe mwenyewe, na kila boksi liliweza kujengwa kwa namna tatu: kama lilivyotoka kiwandani, kama la mashindano, au kama la madoido. Zikafuata Jo-Han ya Detroit na MPC, na kutoka kwingine Revell ya California na Monogram ya Illinois. Viwanda vya magari viliwapa michoro mapema, hivyo gari jipya lilipotoka kila mwaka, na seti yake ilikuwa dukani. Leo majina ya AMT na MPC yako chini ya kampuni ya Round 2 ya Indiana, na nyingi kati ya seti inazouza zinatoka katika kalibu zile zile za zamani.

Kipimo chake ni moja kwa ishirini na tano. Maana yake, Road Runner yenye urefu wa mita 5 na sentimita 15 inakuwa na sentimita 20 na nusu hivi. Dereva wa urefu wa kawaida anakuwa na sentimita 7. Hapo usichoke, kwani hesabu hii ndiyo roho ya kazi yote. Waya wa plagi una unene wa milimita 7, kwa hiyo kwenye kigari unatakiwa uzi usiofika theluthi ya milimita. Rangi nayo? Ukipaka kigari rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, unene ambao kwa macho si kitu, ni sawa na kulipaka gari la kweli rangi yenye unene wa milimita mbili na nusu. Mistari ya milango inazibwa, maandishi ya pembeni yanazama, na gari linaonekana kama limechovywa katika uji. Mzee aliniambia kwamba anayeshindwa kwenye rangi hushindwa kwa haraka, hapungukiwi kipaji.

Basi anafanyaje? Vipande vyote hutoka vikiwa vimeshikamana na vijiti vya plastiki, kama matunda kwenye tawi. Kabla ya lolote anaviosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa sababu plastiki hutoka kwenye kalibu ikiwa na mafuta, na rangi haishiki juu ya mafuta. Anakata kwa koleo kali, havunji kwa vidole. Kisha anatafuta mshono. Kalibu huwa na pande mbili au zaidi, na pande zinapokutana huacha mstari mwembamba juu ya bodi, hasa kwenye mabega ya gari. Mstari huo haukuwepo kwenye gari la kweli. Unakwanguliwa kwa wembe, kisha unapigwa msasa laini wenye maji. Hapo inakuja rangi ya kwanza, ya kijivu, na hiyo kijivu ni hakimu mkali: kila mkwaruzo uliodhani umekwisha inauonyesha. Unarudi kwenye msasa.

Rangi yenyewe hupulizwa kwa kopo au kwa bomba dogo la upepo, mara nyingi na nyembamba, katikati ya mara na mara unasubiri. Kuna rangi za laka zinazokauka upesi na rangi za enameli zinazochukua siku kadhaa. Mzee alinionya kwamba enameli unaweza kuipaka juu ya laka iliyokauka, lakini ukithubutu kupuliza laka juu ya enameli, rangi ya chini inaweza kuchemka na kupasuka kama tope la kiangazi. Yeye hupuliza akiwa amevaa barakoa yenye vichujio na feni ikitoa hewa nje, maana mvuke ule si wa kuchezea. Mashine ya kukaushia matunda aliyonunuliwa na mkewe haijawahi kuona tunda, hukausha bodi za magari, na mkewe alinieleza jambo hilo kwa uso ambao sitausahau.

Sasa mapambo. Bampa na rimu huja zimepakwa kromu tayari, lakini mara nyingi kromu hiyo inang'aa kupita kiasi au ina mshono. Wengi huiloweka kwenye dawa ya kufulia nguo nyeupe, ile ambayo hapa kwetu tunaiita Jiki, inayeyuka yote, kisha wanaanza upya. Mikanda ya fedha inayozunguka vioo hutengenezwa kwa karatasi ya chuma nyembamba mno yenye gundi mgongoni. Unailaza, unaisugua kwa kijiti cha meno mpaka inashika kila bonde, halafu unaikata kando kwa wembe mpya. Sikusema wembe mkali, nimesema mpya. Wembe uliokata mara kumi huirarua. Shoo ya mbele hupakwa rangi nyeusi ya majimaji inayoingia kwenye matundu, kisha unapangusa juu, na mara ile plastiki bapa inakuwa na kina.

Waya za plagi ndizo nilizozipenda mimi. Mzee alichimba matundu manane kwenye kofia ya distribyuta kwa keekee ya mkono nyembamba kama sindano, na la tisa katikati kwa ajili ya waya wa koili. Halafu akazipanga kwa mpangilio wa kweli wa kuwaka kwa silinda: 1, 8, 4, 3, 6, 5, 7, 2. Nikamuuliza nani atakayejua. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anaoga. Kwenye injini hii ya Plymouth distribyuta iko mbele, upande wa kulia. Kwenye Chevrolet za wakati ule iko nyuma. Mtu aliyefanya kazi kiwandani anaona kosa hilo tangu mlangoni.

Gari alilokuwa akijenga wakati ule ni Road Runner hiyo ya 1968, ya rangi ya bluu. Siku ya tatu, akiwa anakata karatasi ya chuma na macho yake yako kwenye kazi, ndipo aliponiambia ni ya nani. Kaka yake mkubwa aliinunua ikiwa mpya, kwa mshahara wake wa kwanza wa maana, akiwa na miaka ishirini. Miezi michache baadaye akaitwa jeshini, akapelekwa Vietnam. Funguo akamwachia mdogo wake kwa sharti moja, awe anaiwasha kila Jumapili basi. Februari 1969, siku ya barafu, mdogo mtu akiwa na miaka kumi na minane akaitoa barabarani kuwaonyesha rafiki zake. Ilimalizikia kwenye nguzo. Kaka alirudi mwaka 1970 akakuta nafasi tupu mbele ya nyumba. Hakumpiga wala hakumfokea. Hakulitaja gari hilo tena, kwa miaka hamsini na miwili, na kwa sababu hakulitaja, mdogo wake naye hakuweza kuomba radhi. Desemba ile kaka alikuwa anatimiza miaka sabini na mitano, na yumo katika nyumba ya kutunzia wazee.

Unaelewa sasa kwa nini ilibidi sakafu iwe ya mpira. Siku hizi mafundi wa vigari wana unga wa nyuzi wa kunyunyiza juu ya gundi ili sakafu ionekane kama zulia, na matokeo yake ni mazuri kweli. Mzee alikuwa na kopo lake, lakini hakuligusa. Alipaka sakafu nyeusi isiyong'aa, basi.

Na sasa niungame. Siku ya tano Mzee alinipa kazi mbili. Ya kwanza kubandika kioo cha mbele, ya pili kutengeneza antena. Gundi ya kawaida ya vigari haibandiki tu, inaiyeyusha plastiki kidogo ili vipande viungane kama chuma kilichochomelewa, kwa hiyo haifai kwenye kioo. Kwa kioo hutumika ile gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka huwa haionekani. Jambo hilo alinieleza. Lakini gundi nyeupe ni ya polepole, nami niliona pembeni kichupa cha ile gundi ya kushika papo hapo, nikajiambia tone moja tu. Mzee alikuwa amepanda juu kunywa dawa yake. Aliporudi, kioo kilikuwa kimeshika barabara, ila robo yake ya chini ilikuwa imepata ukungu mweupe kama dirisha la basi asubuhi ya baridi. Mvuke wa gundi hiyo ndivyo unavyoharibu plastiki angavu. Kila fundi anajua isipokuwa mgeni kutoka redioni.

Ndugu msikilizaji, nimewahi kukosea hewani mbele ya nchi nzima na sikujisikia vile. Mzee hakusema neno. Alikaa, akakishika kigari karibu na taa, akakigeuza. Kisha akaniagiza nimletee bakuli la maji.

Tulikitoa kioo kwa kukipenyezea wembe kidogo kidogo, saa nzima. Akakisugua kwa msasa wa namba 2000 wenye maji, kioo chote kikawa cheupe, nami nikafumba macho. Akaendelea kwa dawa ya kung'arishia plastiki, kwa kitambaa laini, akizungusha kidole hivi, hivi, hivi, mpaka giza likaingia. Mwisho akachukua chupa ya zamani ya dawa ya akriliki ya kung'arishia sakafu, akakichovya kioo chote ndani, akakisimamisha juu ya karatasi ya chooni ili matone yanyonywe, akakifunika kwa gilasi kukikinga na vumbi. Kulipokucha kilikuwa safi kuliko kilivyotoka kwenye boksi. Dawa ile huziba mikwaruzo isiyoonekana na kurudisha uangavu. Na mikono yake, nisisahau kusema, hutetemeka. Hutetemeka akishika kikombe. Akishika kibano hutulia, sijui kwa amri ya nani.

Kioo alikibandika mwenyewe. Antena aliniachia, na hapo nilijitahidi hasa, nikitaka kulipa deni. Nilitoboa tundu la nusu milimita kwenye bodi ya mbele upande wa kulia, nikakata waya mwembamba wa chuma wa gitaa, nikaunyoosha, nikapima mara tatu. Ilisimama wima kabisa. Mzee akaitazama, akaniambia kwamba ni kazi nzuri. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa.

Wajukuu wetu hapa hutengeneza magari ya waya na makopo ya maziwa, na usukani mrefu wa kuyasukumia barabarani. Kuna wanaosema kwamba huo ndio ufundi na ule wa Marekani ni kununua boksi. Nilikuwa wa mawazo hayo. Seti moja inauzwa kiasi cha dola thelathini, na kwa mtu aketiye pale na msasa kwa wiki sita nadhani boksi ni kama unga tu, chapati ni juu yake.

Mwishoni mwa Desemba dada alinipigia simu. Alikuwa amewapeleka yeye kwa gari lake hadi nyumba ile ya wazee, kwa kuwa kulikuwa na theluji na Mzee haendeshi tena kwenye theluji. Kaka mtu alipewa boksi, akalifungua, akakaa na kigari mapajani muda mrefu. Aliinua bonneti. Akachungulia ndani kupitia kioo cha mbele, kile kile, akaangalia sakafu. Dada anasema chumba kilikuwa kimya, hata muuguzi wa zamu alisimama mlangoni na sinia.

Kisha kaka akaweka kidole juu ya antena yangu.

“Hii ni ya nini?” akauliza. “Redio walikuwa wanatoza zaidi. Sikuwa na hela ya redio.”

Mzee akatoa koleo mfukoni, maana haendi popote bila koleo, akaikata pale pale. Tundu ataliziba na kulipaka rangi upya wakati wa masika yao, amesema, na kaka yake amesema atakuja kusimamia.

Wiki ijayo tutarudi kwenye bei ya sukari.